Mtoano

Raundi ya kwanza tuliwatoa Barnsley
kwa goli lililogonga mgongo wa beki wao,
likamgonga refa, likaingia likiona haya.
Tulishangilia hivyo hivyo. Riziki haina sura.
Mvua ya Februari ilikuja mlalo
kutoka juu ya daraja la barabara kuu,
na mashabiki wetu walikuwa kumi na mmoja
ukimhesabu mbwa wa kocha Maureen.

Robo fainali sikugusa mpira hadi dakika ya sabini.
Nilisimama golini nikihesabu malori
yanayopita juu ya Tinsley kuelekea Leeds,
vidole vimekufa ndani ya glavu,
nikijisemea: kipa ni mlinzi wa usiku,
hulipwa kwa kukaa macho
hata pasipotokea kitu.

Kazi hiyo naijua.
Jumatatu hadi Alhamisi, saa nne usiku mpaka kuche,
mimi na Nsimire tunageuza wazee
katika nyumba ya matofali mekundu, Darnall.
Bi Ackroyd ubavu wa kulia saa sita,
ubavu wa kushoto saa nane,
shuka linanyooshwa, mto unapigwa makofi,
na saa tisa chai ya tangawizi,
Kiswahili chake cha Bukavu na changu cha Tanga
vikichekana juu ya mvuke.

Ni saa tisa hiyo alipovua soksi akanionyesha goti.
La kulia. Limeumuka kama andazi.
“Usimwambie mtu. Kocha ataniweka benchi.”
Nikalifunga bandeji kwa mikono yangu hii.
Sikumwambia mtu.

Ratiba ikatoka: nusu fainali, sisi na timu yake.

Moja kwa moja. Dakika za nyongeza. Giza,
taa moja ya uwanja imeungua,
Parveen amebanwa na misuli analala topeni kama gunia,
kisha matuta.
Kwa bibi yangu matuta yalikuwa ya viazi:
unapanda, unapalilia, unangoja, unafukua.
Hapa unafukua papo hapo
na kila mtu anaona ulichopanda.

Tano kwetu, nne kwao, limebaki lake.
Alikuja na mpira kwapani, hakunitazama usoni.
Akauweka chini polepole, akaupangusa tope
kama anavyompangusa Bi Ackroyd mdomo baada ya uji.
Wote waliuona mguu wa kulia,
mguu uliowatoa Doncaster kwa mkwaju wa mita thelathini.
Mimi niliona bandeji.
Nilijua goti lile halifunguki kwenda nje,
nilijua mpira una njia moja tu duniani,
nikaruka kulia kwangu
kabla hajaugusa.

Wenzangu wakanirundikia, tope mdomoni,
Maureen analia, mbwa anabweka,
na chini ya kwapa la mtu nikamwona
amesimama palepale, mikono kiunoni,
akilitazama goti lake
kama shahidi aliyegeuka mahakamani.

Fainali tulifungwa sita. Hilo silitungii beti.

Ila Jumatatu ile, siku moja baada ya matuta,
saa sita, kitandani kwa Bi Ackroyd:
yeye ncha mbili, mimi ncha mbili.
Tukakunja shuka la zamani. Tukasogeleana,
vidole vikagusana, tukaachana, tukasogeleana tena.
“Ulijuaje?”

Ningeweza kusema bahati. Makipa husema hivyo.
Ningeweza kusema jicho, uzoefu, Mungu.
Bi Ackroyd alikuwa macho, anatusikiliza
bila kuelewa neno.
“Bandeji,” nikasema.

Akalivuta shuka jipya kwa nguvu
mpaka likaponyoka mikononi mwangu.
Akalitandika peke yake, kona zote nne,
bila mkunjo.
Mto ukaanguka. Akainama kuuokota,
goti la kushoto likifanya kazi ya mawili.
“Mshenzi wewe,” akasema kutoka chini ya kitanda.
“Mpaka msimu uishe, chai utapika wewe.”